Usigeuke Mpaka Vibao Vilie

Septemba 3

Umoja wa wanawake umetugawia madaftari. Mwenyekiti anasema kila mama aandike maisha yake, hata mstari mmoja kwa siku, maana vita vimekwisha zamani na sisi nasi tuna maisha. Mimi niliishia darasa la nne. Mwandiko wangu ni kama kuku amepita kwenye tope. Eikichi, mume wangu, ameligeuzageuza daftari, akauliza, "Sasa utaandika nini humu?" Nikamwambia nitaandika kwamba umekula bakuli tatu za wali. Akasema, "Nne." Haya, nne.

Septemba 5

Mpunga umeanza kuinama. Joto. Chizu, binti yangu, amekohoa asubuhi. Jioni hakukohoa.

Septemba 8

Wazee wa mchezo wamekuja kwetu wamevaa vizuri, nikajua kuna jambo. Kila mwaka, sikukuu ya mavuno, watu wa Okunuma tunamchezea mungu wetu mchezo wa kale kwenye jukwaa la hekaluni. Hatuleti wachezaji kutoka mjini. Anayekuwa afisa mkali ni Gohei mwenye kinu, na anayekuwa bibi wa bwana mkubwa ni Tomesaku, fundi mapipa. Mchezo unataka mtoto wa kike, na mwaka huu wamemtaka Chizu wangu.

Nikasema kifua chake ni dhaifu. Nikasema Oktoba kuna baridi, tena jukwaa lenyewe halina ukuta upande wa mbele. Nikasema ana miaka tisa tu. Bado nilikuwa na mengine ya kusema, Chizu akachungulia mlangoni akasema, "Nataka."

Mama mkwe wangu, Bibi Sen, hana jino hata moja lakini ulimi anao. "Kifua dhaifu kitu gani! Mtoto huyu akiita, kuku wa jirani wanaacha kutaga. Mchukueni."

Basi wamemchukua. Na si hilo tu. Mwalimu wa mchezo, ambaye huja kila mwaka kutoka bondeni, safari hii atakaa kwetu, kwa sababu tuna chumba cha mashariki. Hakuna aliyeniuliza.

Septemba 11

Mwalimu amefika. Anaitwa Bi Ritsuyo. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, mgongo umenyooka kama nguzo, anavuta kiko. Amekula achari yangu ya figili sahani nzima, akasema ina chumvi nyingi, akaomba nyingine.

Septemba 12

Mazoezi ya kwanza, kwenye nyumba ya mikutano baada ya chakula. Nimempeleka Chizu nimemfunga shingoni kitambaa chenye vitunguu vya majani vilivyochomwa, maana hakuna kitu kinachofungua kifua kama hicho. Nikakaa pembeni. Nani atarudi nyumbani amwache mtoto anayekohoa?

Mchezo wenyewe ni huu. Bibi mmoja, mke wa bwana aliyeuawa vitani, amejificha mlimani na anaishi kama mfumaji wa nguo. Binti yake walipotezana wakikimbia. Siku ya theluji afisa wa maadui amekuja kumchunguza, amekaa hapo anamkodolea macho. Mara mtoto anatokea, peke yake, kwenye ile njia ya mbao inayopita katikati ya watazamaji. Anaufikia mlango, anaomba maji. Mama ameitambua sauti. Lakini yuko kwenye mtambo wa kufumia, amempa mtoto mgongo, na akigeuka tu afisa atajua na wote wawili watauawa. Kwa hiyo hageuki. Anasema, "Hapa hakuna maji ya wageni." Mtoto anakwenda zake kwenye theluji. Hapo vibao vya mti vinagongwa, ta!, ndipo mama anageuka, na mlango ni mtupu.

Okunuma nzima tunaujua kwa moyo. Wengine tunausema tukipalilia. Na kila ukichezwa tunalia upya, hata wanaume, wanasingizia moshi.

Mwalimu aliinua pua. "Nani amechoma vitunguu?"

Watu wote wakamtazama Chizu. Gohei akacheka mpaka akashika mbavu. "Binti wa bwana mkubwa amekuja na mboga zake!"

Mwalimu akakifungua kitambaa kwa vidole viwili, akanipa. "Mama Chizu, hii irudi jikoni."

Kisha akamtembeza mwanangu. "Tena. Unatembea kama umetumwa mafuta ya taa. Hii ni theluji. Tena." Kila akikosea anamgonga goti kwa upepeo. Mtoto alitembea mpaka midomo ikaanza kutetemeka, na yule mwanamke akasema, "Tena." Nimeuliza, nimeambiwa hajawahi kuzaa. Inaonekana.

Septemba 13

Mvua.

Septemba 14

Mvua. Chizu amelia tukirudi. Nikamwambia, mwanangu, kesho nitawaambia wazee basi. Akasimama katikati ya njia, mvua inamnyeshea. "Ukimwambia mtu kwamba nimelia, sitakula."

Septemba 17

Jua kidogo. Tumeanza kukata mpunga shamba la juu. Mazoezini Gohei ameniita kwa sauti, "Mama Chizu, unatafuna nini huko pembeni?" Sikuwa natafuna kitu. Kumbe midomo yangu inasema maneno ya watu wote, ya Chizu, ya Tomesaku, mpaka ya afisa.

Huyo Tomesaku ana mikono kama majembe, lakini akivaa nywele za bandia na kuinamisha shingo, naapa ni mwanamke kunizidi.

Septemba 18

Mvua. Mpunga uliokatwa umelowa.

Septemba 22

Kimbunga. Upepo umeng'oa bati la banda la ng'ombe. Chizu ana homa, na nilishasema, nilisema tangu mwanzo. Nimekaa naye tangu jana. Mwalimu amekuja na bakuli la figili iliyokunwa na asali, akamlisha mwenyewe kwa kijiko, taratibu, akimfuta kidevu. Akamwambia, "Lala. Jukwaa halikimbii."

Nimeshangaa. Lakini huenda anamwogopea mchezaji wake tu.

Septemba 24

Homa imeshuka. Ameomba wali wa maharage mekundu. Namshukuru mungu na nimeupika.

Septemba 26

Tomesaku ameanguka kutoka kwenye mti wa matunda ya kaki. Kila mtu wa huku anajua matawi ya kaki yanakatika bila hata kulia, na kila mtu anapanda, maana yale matunda ya kileleni ndiyo mekundu. Amevunjika mtulinga. Mkono umefungwa kifuani.

Wazee wamekutana kwetu kwa sababu Mwalimu yuko kwetu. Nilikuwa nawamiminia chai. Mzee Kanbei, msimamizi wa hekalu, akasema ni nani katika wanaume anayeyajua maneno ya bibi. Wakaanza kutaja huyu na yule. Huyu ameenda kiwandani Nagoya, yule ana sauti ya chura.

Mwalimu akanyoosha kiko. "Yule pale. Anayetafuna."

Birika lilikaribia kunitoka mkononi.

Mzee Kanbei akasema, "Mwanamke hajawahi kupanda jukwaa la Okunuma."

Bibi Sen alikuwa amelala upande wa pili wa ukuta wa karatasi, au tulidhani amelala. "Vita vilipowachukua wanaume, nani alilima? Nani alibeba maiti? Nani alipiga ngoma ya huyo mungu wako? Hukusema hajawahi wakati ule, Kanbei. Ulikula wali."

Kanbei akanywa chai. Tomesaku naye akasema kwa sauti ya maumivu, "Mpeni tu. Mimi mwenyewe nikisahau nilikuwa naitazama midomo yake."

Nilisema hapana. Nilisema sijui kusimama mbele ya watu, hata shuleni nilikuwa najificha nyuma ya mwenzangu. Lakini Chizu alinirukia shingoni. "Mama! Mimi na wewe!" Alinikumbatia kwa nguvu kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo. Basi nikasema ndiyo. Mtu mwingine angesemaje?

Septemba 28

Mazoezi yangu ya kwanza. Kwenye mtambo wa kufumia nipo nyumbani, nimefuma tangu utotoni. Mwalimu amenifundisha hivi: mtoto akifungua mdomo, mtambo unyamaze. Kimya kabisa. Usiuguse, usisogee, usigeuke mpaka vibao vilie.

Eikichi hataona. Yeye ni mmoja wa wale wanaolizungusha jukwaa kutoka chini, wanasukuma nguzo gizani kama ng'ombe wa kinu. Kila mwaka anausikia mchezo kupitia mbao tu.

Chizu alitembea, akafika mlangoni, akakohoa kidogo. Nimegeuka.

Septemba 29

Nimegeuka.

Septemba 30

Alijikwaa. Nimegeuka, na nikasema, "Pole." Gohei alicheka mpaka upanga wake wa mti ukaanguka.

Oktoba 1

Leo sikugeuka mara ya kwanza. Mara ya pili nilisikia anavuta makamasi, nikainuka nikaenda kumfuta. Mwalimu akaweka upepeo chini. "Mama Chizu. Wewe sasa ni mke wa bwana mwenye ngome. Na mtoto huyu, ukimgusa, kichwa chake kitakatwa."

"Nimesahau, Mwalimu."

"Hukusahau. Wewe humwamini."

Oktoba 3

Naandika hili ingawa linaniuma. Tulipomaliza, Chizu alimfuata Mwalimu mbele ya watu akapiga magoti, akaweka mikono chini vizuri kama alivyofundishwa. Akasema, "Mwalimu, tafadhali tafuta mtu mwingine awe mama."

Gohei akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na wala hakuwa amevaa kiatu.

Njiani nikamuuliza, "Nimekukosea nini?"

"Nikiwa natembea siwazi theluji," akasema. "Nawaza wewe. Atageuka, hatageuka. Kila mtu anacheka. Ukigeuka inakuwa mimi ni mtoto."

"Wewe ni mtoto."

Akatangulia.

Oktoba 4

Mvua.

Oktoba 5

Sikuenda mazoezini. Nimesema kichwa kinauma. Kilikuwa hakiumi.

Oktoba 6

Mwalimu amekuja barazani nilikokuwa nachambua maharage, akakaa, akaanza kuchambua naye bila kuombwa. Anachambua vibaya, anaacha mabovu. Nikamwambia atafute mtu. Hata Gohei anaweza kuvaa nywele za bandia.

Akasema, "Unajua mimi nilipanda jukwaani nikiwa na miaka minne. Kundi letu lilikuwa la kutembea, mji huu leo, mji ule kesho. Mama yangu alikuwa kwenye kundi hilohilo. Alikuwa mtu mwema, kama wewe. Nikisahau neno, ananitazama, midomo yake inasema, nami nasema. Nikijikwaa, ananishika. Sikuwahi kuanguka hata siku moja."

Nikasema hiyo ndiyo kazi ya mama.

"Alikufa nikiwa na miaka ishirini. Nikapanda jukwaani nikamtafuta kwa macho. Sikuweza kusema neno. Kundi lote lilikuwa nyuma yangu linaninong'oneza, nasikia kila kitu, na sisemi. Ndiyo maana sasa nafundisha. Kucheza sikucheza tena."

Alisema hivyo kama mtu anayesimulia bei ya chumvi. Akainuka, akajikung'uta maganda. "Kesho nitakungoja. Sitamtafuta Gohei. Ana ndevu."

Nimemfikiria siku nzima. Nilimwandika vibaya huko nyuma kwamba inaonekana hakuzaa. Sifuti, sijui kufuta vizuri bila kutoboa karatasi.

Oktoba 7

Nimemwomba Chizu anisaidie nyumbani. Mimi napika, nimempa mgongo, yeye anaingia mlangoni anafanya lolote: anakohoa, anaangusha ndoo, anasema "aa, nyoka!" Mimi nisigeuke. Alifurahi mno kupata ruhusa ya kunitesa. Nimegeuka kwenye nyoka. Nani hageuki kwenye nyoka?

Oktoba 8

Nyoka tena. Sikugeuka. Samaki wameungua. Bibi Sen amekula akisema, "Sanaa ina ladha chungu."

Oktoba 9

Mazoezini sikugeuka. Tulirudia, sikugeuka. Vibao vililia, nikageuka, mlango mtupu, na nililia kweli maana niliuona ule mlango. Mwalimu hakusema "tena". Aliwasha kiko.

Tulipokuwa tunarudi Chizu alishika ncha ya mkono wa kimono yangu, hakuuachia mpaka nyumbani.

Oktoba 12

Mpunga wote umekatwa, uko kwenye vichanja unakauka. Mikono yangu ni kama msasa.

Oktoba 14

Wanawake tumekaa kusokota vijipakiti vya kurusha. Unaweka sarafu kwenye karatasi nyeupe, unaisokota juu kama kichwa cha kitunguu. Mchezaji akikupendeza unamrushia jukwaani. Watoto hurushiwa zaidi ya wote. Jirani yangu amesema, "Nimetengeneza kikapu kizima, cha Chizu peke yake." Tumecheka. Nikasema mrushe miguuni, miguuni jamani.

Oktoba 15

Mvua.

Oktoba 16

Mvua. Wazee wanasema mungu haahirishwi. Chizu hali chakula. Mimi nakula sana, sijui kwa nini.

Oktoba 17

Nitajaribu kuandika yote. Nikiishiwa karatasi nitaandika pembeni.

Asubuhi mvua ilikatika, mikeka ikatandikwa uwanjani hekaluni. Watu walikuja na masanduku ya chakula na pombe ya mchele, hata wa vijiji vya ng'ambo ya mto walikuja, kwa sababu habari zilienea kwamba Okunuma wamempandisha mwanamke. Mwalimu alitupaka rangi mwenyewe. Alininyoosha nyusi, akazifuta, akazinyoosha tena. Nikamwambia, "Mwalimu, unaogopa?" Akasema, "Nyamaza, utaharibu mdomo."

Nilimtazama Chizu akiwa mweupe uso mzima, midomo midogo myekundu. Nilikuwa na maneno mengi. Je, una joto? Je, umekwenda haja? Nikameza. Nikasema, "Haya, tutaonana mlangoni."

Akasema, "Hatutaonana, Mama. Ndiyo mchezo wenyewe."

Nikakaa kwenye mtambo. Nikasikia chini yangu wanaume wakisema "hiyaa, hiyaa," sakafu ikatikisika, jukwaa likazunguka, na baridi ya uwanja ikanipiga ubavuni. Nilijua watu wote wale wapo kushoto kwangu na nyuma yangu. Mikono, sijui, mikono iliendelea kufuma. Gohei alikuwa mbele yangu, amekunja uso, na nilisema maneno yangu ya kwanza na sauti ikatoka. Si yangu, lakini ilitoka. Mtu akaniita kwa jina langu, "Masuno! Tulikungoja!" Watu wakacheka vizuri.

Kisha ngoma ya theluji ikaanza, ile ya polepole, dum, dum, nikajua mwanangu ametokea kwenye njia ya mbao. Nilijua kwa jinsi watu walivyovuta pumzi. Wakaanza kurusha. Nilisikia vijipakiti vikianguka kwenye mbao kama mvua ya mawe, na majina: "Chizu! Chizu-u!" Walikuwa na furaha mno. Mwalimu amewaambia kila mwaka wangoje mtoto afike mlangoni, na kila mwaka hawangoji.

Mtoto akafika. Mvua nayo ikaanza tena, nyembamba, juu ya paa. Nikauacha mtambo kama nilivyofundishwa. Kimya. Ndipo kikaja kijipakiti kimoja kimechelewa. Hicho hakikulia kama mbao. Kililia vingine.

Watu wakasema, "Aa!" wote pamoja.

Halafu hakuna kitu. Hakuna "Naomba maji." Hakuna sauti ya kulia. Nilimtazama Gohei, kwa sababu Gohei ndiye niliyeruhusiwa kumtazama. Uso wa afisa ulikuwa umetoweka. Alikuwa Gohei mwenye kinu, macho yamemtoka, anaangalia nyuma yangu. Akasema kwa pumzi tu, bila kufungua midomo, "Masuno. Damu."

Mtu mbele akasema, "Jicho! Kimempiga jicho?" Mwingine, mwanamke, akaita, "Mama Chizu, geuka! Mtazame mwanao!" Na mwingine, "Nyamazeni!" Anayewanong'onezea waliosahau alikuwa nyuma ya pazia, nilimsikia akisema maneno ya Chizu, mara mbili, mvua ikayafunika.

Sijui kueleza hapa. Shingo yangu ilikuwa inageuka yenyewe, niliihisi, kama mlango unaosukumwa na upepo. Kama ni jicho! Nikasema moyoni, mchezo gani, mungu gani. Na wakati huohuo nilijua kwamba yuko nyuma yangu amesimama, hajakimbia, hajalia. Angelia ningegeuka. Ameamua kusimama. Nikigeuka, yeye ni mtoto aliyepigwa na kijipakiti, watu watainuka, watambeba, watasema maskini, basi.

Sikuweza kugeuka, na sikuweza kumwacha vile. Mkono wangu ukaenda wenyewe ukauvuta ubao wa mtambo. Tak.

Ilikuwa marufuku. Mtoto akifika, mtambo unyamaze. Nikavuta tena. Tak. Taratibu, kama nyumbani akiwa amelala nami nafuma chumba cha pili. Tak. Uwanja ukatulia. Nikavuta tena.

Na nyuma yangu sauti ikasema, "Mwenye nyumba, mimi ni mtoto wa njiani. Naomba maji, kisha nitakwenda." Haikutetemeka. Ilikuwa kubwa kuliko mazoezini. Sijawahi kuisikia sauti hiyo ndani ya nyumba yangu.

Nikasema, "Hapa hakuna maji ya wageni." Nilisema nikifuma, na machozi yalikuwa yanaanguka kwenye nyuzi mbele ya Gohei, na Gohei naye alikuwa analia, afisa wa maadui mzima. Nikasikia miguu yake ikiondoka, midogo, ya theluji kabisa, hakuna mtu aliyetumwa mafuta ya taa anayetembea vile. Mpaka mwisho wa njia. Kisha vibao: ta!

Nikageuka. Mlango mtupu. Kwenye kizingiti kulikuwa na tone la damu.

Nyuma ya jukwaa Mwalimu alikuwa amekwisha mkalisha, amemshika kichwa. Si jicho. Ni juu ya nyusi, mkato mdogo kama ukucha, lakini damu ilikuwa imeshuka kwenye rangi nyeupe mpaka kidevuni. Eikichi alikuwa ametoka chini ya jukwaa amejaa utando wa buibui, anapumua kama amekimbia. Akasema, "Nilisikia miguu yake ikisimama. Nikasikia yako haisogei. Nilikuwa nimeshaachia nguzo, Masuno. Kidogo nipande mimi." Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo mara moja.

Nilimkumbatia Chizu, rangi zetu zikachanganyika. Nikamwambia mwanangu, nisamehe, sikugeuka.

Akasema, "Nilikuwa naogopa utageuka." Kisha akasema kwa sauti ndogo, ile yake ya nyumbani, "Na nilikuwa naogopa hutageuka. Halafu nikasikia mtambo."

Oktoba 18

Tumekunja mikeka. Jirani yangu amekuja analia, anasema labda ni pakiti yake. Nimempa chai. Huenda ni yake, huenda si yake, wote walirusha.

Oktoba 20

Mwalimu ameondoka. Nimembebea mzigo mpaka kwenye daraja. Pale akasema, "Ule mtambo sikukufundisha mimi."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nani amesema usamehewe? Mwakani uwe hivyohivyo." Akainamisha kichwa kwangu, chini sana, chini kuliko anavyowainamia wazee. Nilichelewa kuinama. Nilipoinua uso alikuwa amekwisha vuka.

Chumba cha mashariki kinanuka tumbaku. Sijafungua dirisha.

Oktoba 23

Jua. Tunapura mpunga. Vumbi.

Oktoba 24

Tunapura. Gaga la kidonda cha Chizu limeanza kubanduka. Anamwonyesha kila mtu, hata muuza tofu.

Oktoba 26

Tumemaliza kupura. Chizu na wenzake wamefanya jukwaa juu ya majani ya mpunga. Nilipita na kikapu, akaniita. "Mama, njoo. Leo mimi ndiye mfumaji. Wewe ndiye mtoto."

Nikasema nina kazi. Akasema, "Dakika moja tu. Anzia kule kwenye ghala."

Basi nikaweka kikapu chini, mtu mzima mimi, nikaenda mpaka ghalani nikarudi nikitembea kwenye theluji. Watoto wakanirushia makapi. Chizu alikuwa amekaa amenipa mgongo, mikono inafuma hewa. Sikujua kwamba mgongo wa mtu unaweza kuwa mbali hivyo. Ni hatua chache tu, na nilihisi nimetembea siku nyingi kuufikia, na kwamba haunijui. Nikasema, "Mwenye nyumba, mimi ni mtoto wa njiani. Naomba..."

Chizu akageuka. Vibao havijalia, hata sijafika kwenye maji.

"Aaa, umeharibu!" wenzake wakapiga kelele. "Hugeuki! Chizu, hugeuki!"

"Najua," akasema. Alikuwa ananitazama. "Najua. Anzeni tena."